Ulaghai wa takwimu za matangazo baada ya usakinishaji wa programu za simu

Ulaghai wa takwimu za matangazo baada ya usakinishaji ni udanganyifu katika matangazo ya programu za simu unaofanyika baada ya programu kuingizwa kwenye simu, au baada ya kudaiwa kuwa imeingizwa. Walaghai hutuma taarifa za uongo kuhusu watumiaji: kwamba wamejiandikisha, wamefungua programu, wamemaliza hatua ya mchezo au wamenunua kitu. Mwenye programu huamini kwamba tangazo lake limeleta wateja, na hivyo hulipia wateja ambao hawapo.

Hasara ya ulaghai huu si fedha za matangazo peke yake. Mwenye programu anayesoma takwimu za uongo huongeza bajeti kwa mtandao unaomdanganya na kupunguza bajeti ya mtandao unaomletea watu wa kweli. Mwenye simu naye huweza kupoteza bando na salio iwapo kifaa chake kinatumiwa kwa siri kutengeneza mibofyo.

Kinga dhidi yake inategemea kanuni moja: tukio linalolipiwa lithibitishwe na upande ambao haufaidiki na malipo hayo. Hata hivyo, kuitumia kanuni hiyo kunahitaji kujua jinsi watu wanavyotumia simu mahali husika. Katika pwani ya Mtwara na maingilio ya Mto Ruvuma, kwenye mpaka wa Tanzania na Msumbiji, mtumiaji halali anaweza kuonekana kama mlaghai kwa sababu ya mnara wa simu, saa au bando.

Jinsi matangazo ya programu yanavyopimwa

Mwenye programu anayetafuta watumiaji wapya huingia mkataba na mtandao wa matangazo. Mtandao huo husambaza tangazo kupitia wachapishaji, yaani wenye programu nyingine, michezo au tovuti zilizo na nafasi ya tangazo. Malipo hufanywa kwa njia mbalimbali: kwa idadi ya mara tangazo lilivyoonyeshwa, kwa mbofyo, kwa usakinishaji, au kwa tukio linalofuata usakinishaji, kama vile kujiandikisha au kununua kwa mara ya kwanza.

Ili kujua nani amemleta mtumiaji, wenye programu wengi hutumia kampuni za upimaji kama AppsFlyer, Adjust na Kochava. Msimbo mdogo wa kampuni hiyo huwekwa ndani ya programu. Programu inapofunguliwa kwa mara ya kwanza, msimbo hutuma ujumbe kwenye seva ya kampuni. Seva hutafuta mbofyo wa mwisho uliofanywa na kifaa hicho ndani ya kipindi kilichokubaliwa, mara nyingi siku 7. Mchapishaji aliyeripoti mbofyo huo ndiye anayehesabiwa kuwa amemleta mtumiaji, naye ndiye anayelipwa.

Mfumo huu una udhaifu wa aina mbili. Kwanza, anayeripoti mbofyo ndiye anayelipwa kwa ajili yake. Pili, taarifa za matukio hutoka kwenye simu, na simu iko mikononi mwa mtu ambaye mwenye programu hamjui. Ujumbe unaosema "mtumiaji amenunua" ni data tu, na data inaweza kutengenezwa bila kuwepo mnunuzi.

Kwa nini ulaghai ulihamia baada ya usakinishaji

Zamani malipo mengi yalifanywa kwa mbofyo, na walaghai walitengeneza mibofyo. Wenye programu walipoanza kulipa kwa usakinishaji, walaghai walitengeneza usakinishaji. Kinga za kugundua usakinishaji wa uongo zilipoimarika, wenye programu wengi waliona ni salama zaidi kulipia matukio ya baadaye, wakiamini kwamba roboti haiwezi kujiandikisha, kurudi kesho yake na kununua. Walaghai walijifunza kufanya hayo pia, au kutuma taarifa zinazodai kwamba yamefanyika.

Tatizo jingine ni muda. Usakinishaji mwingi wa uongo hautambuliki siku ile ile. Dalili zake huonekana baada ya siku au wiki kadhaa, pale inapobainika kwamba kundi zima la "watumiaji" lilifanya mambo yale yale kwa mpangilio ule ule, kisha likatoweka. Kwa sababu hiyo kinga ya kisasa haiishii kwenye lango la kuingilia. Takwimu zilizokwisha kupokelewa hupitiwa tena, na mtumiaji aliyekubaliwa mwanzoni anaweza kufutwa kwenye hesabu baadaye.

Aina za ulaghai

Matukio ya kubuni. Mlaghai huchunguza jinsi msimbo wa upimaji unavyowasiliana na seva yake, kisha hutuma ujumbe wa aina hiyo hiyo kutoka kwenye kompyuta. Hakuna simu, hakuna programu wala mtu, lakini seva hupokea usakinishaji, usajili na ununuzi.

Simu bandia. Programu maalumu huigiza simu ndani ya kompyuta. Kompyuta moja huweza kuendesha simu nyingi za namna hiyo, kila moja ikijitambulisha kwa jina na namba tofauti.

Mashamba ya simu. Hapa simu ni za kweli, zimepangwa kwa wingi na kuendeshwa na watu au roboti. Baada ya kila usakinishaji, namba ya utambulisho wa matangazo hubadilishwa ili simu ionekane mpya.

Watu wa kulipwa. Watu halisi hulipwa kiasi kidogo ili wasakinishe programu, wajiandikishe na kuifuta. Kila hatua ni ya kweli isipokuwa nia: hawana haja na huduma yenyewe.

Kunyakua sifa ya mwingine. Mtumiaji ni wa kweli na aliitafuta programu mwenyewe au aliambiwa na rafiki. Programu nyingine iliyomo kwenye simu yake hugundua kwamba usakinishaji umeanza, kisha hutuma mbofyo wa uongo kabla programu mpya haijafunguliwa. Mtandao mwingine hufurika seva kwa mibofyo ya uongo kwa niaba ya mamilioni ya simu, ukitumaini kwamba baadhi ya wenye simu hizo watasakinisha programu wenyewe. Mwenye programu hulipia mteja ambaye angempata bure. Aina hii ni ngumu kuiona kwa kutazama matukio ya baadaye peke yake, kwa kuwa mtumiaji ananunua na kurudi kama kawaida.

Visa vinavyojulikana

Mwaka 2017 kampuni ya usafiri ya Uber iliishitaki Fetch Media, wakala wa matangazo ya simu aliye chini ya kundi la Dentsu, ikidai kwamba ililipia mibofyo na usakinishaji ambao haukutokana na matangazo. Baadaye Uber ilidai mambo kama hayo dhidi ya kampuni ya Phunware, na mwaka 2020 Phunware ilikubali kuilipa Uber dola za Marekani milioni 6 ili kumaliza shauri. Aliyekuwa mkuu wa matangazo ya aina hiyo ndani ya Uber alieleza hadharani kwamba kampuni ilisitisha takriban dola milioni 100 kati ya milioni 150 za matangazo ya usakinishaji, na idadi ya watumiaji wapya haikubadilika kwa kiasi cha kuonekana.

Novemba 2018, kwa kutumia uchunguzi wa Kochava, chombo cha habari cha BuzzFeed News kiliripoti kwamba programu saba za Cheetah Mobile na moja ya Kika Tech, zote za Android, zilikuwa zikinyakua sifa za usakinishaji. Kampuni hizo zilikana kufanya makosa kwa makusudi. Mwezi uliofuata Google iliondoa programu mbili kati ya hizo kwenye duka lake.

Afrika nayo imeguswa. Agosti 2020 kampuni ya usalama ya Upstream ilitangaza kwamba simu za Tecno W2 zilikuwa zimeuzwa zikiwa na programu hasidi za Triada na xHelper ndani yake. Tangu Machi 2019 mfumo wake ulikuwa umezuia miamala ya kutiliwa shaka milioni 19.2 kutoka kwenye simu zaidi ya 200,000, hasa katika Ethiopia, Kamerun, Misri, Ghana na Afrika Kusini. Programu hizo zilibofya na kujiunga na huduma za kulipia bila mwenye simu kujua. Kampuni mama ya Tecno, Transsion, ilisema chanzo kilikuwa mmoja wa watoa huduma katika mnyororo wake wa ugavi. xHelper ilijulikana kwa kurudi hata baada ya simu kurejeshwa katika hali yake ya kiwandani.

Njia za kuzuia

Kuthibitisha matukio upande wa seva. Tukio lenye malipo lisipokewe kwa neno la simu peke yake. Ununuzi uliofanywa kupitia duka la Google au Apple unaweza kuulizwa moja kwa moja kwenye seva ya duka. Malipo ya M-Pesa, Airtel Money au huduma nyingine ya fedha kwa simu yathibitishwe na mtoa huduma mwenyewe, na seva ya mwenye programu ndiyo iripoti tukio. Kanuni hii inafanana na ile ya stakabadhi ghalani, mfumo unaotumika katika korosho mkoani Mtwara tangu msimu wa 2007/2008. Stakabadhi hukubalika mnadani kwa sababu mzigo umepimwa na mwendesha ghala, na si kwa maelezo ya anayedai kuuleta.

Sahihi ya siri. Kila ujumbe kutoka kwenye programu hutiwa alama inayotokana na ufunguo wa siri, muda na maudhui ya ujumbe. Seva hukataa ujumbe usio na alama sahihi au uliokwisha kutumwa mara moja. Ufunguo huo hubadilishwa katika kila toleo jipya la programu, kwa sababu mlaghai mwenye subira anaweza kuuchimbua.

Kuhakiki kifaa. Android na iOS zina huduma zinazoeleza kama programu ni ile halisi iliyotoka dukani na kama inaendeshwa kwenye simu ya kweli. Huduma hizo hupunguza simu bandia, ingawa hazigundui shamba la simu halisi.

Kulinganisha muda. Tangu Novemba 2017 duka la Google Play huweza kueleza lini mbofyo ulifanyika na lini upakuaji ulianza. Mbofyo uliotokea baada ya upakuaji kuanza hauwezi kuwa ndio uliosababisha upakuaji huo. Vilevile, mtandao ambao usakinishaji wake unatapakaa sawasawa saa nyingi baada ya mbofyo, bila kilele cha dakika za mwanzo, huenda unafurika seva kwa mibofyo ya kubahatisha.

Kufuatilia makundi. Watumiaji wa kila chanzo hufuatiliwa kama kundi moja: wangapi wamerudi siku ya 1, ya 7 na ya 30, na wamefanya nini. Watu hutofautiana, wengine hukosea nywila na wengine huishia njiani. Kundi ambalo wote wanajiandikisha kwa sekunde zinazokaribiana na kununua bidhaa ile ile linatia shaka.

Kuchelewesha malipo. Mkataba huweka muda wa kusubiri, kwa mfano siku 30, kabla ya malipo kukamilika, na huruhusu kukata watumiaji waliogunduliwa baadaye. Mkataba pia humtaka wakala kutaja wachapishaji wadogo anaowatumia, kwa kuwa ulaghai hujificha kwa urahisi zaidi pale tangazo linapopita mikono mingi.

Jaribio la kuzima. Matangazo ya mtandao mmoja husimamishwa kwa wiki chache. Iwapo jumla ya watumiaji wapya inabaki ile ile huku idadi ya wasio na chanzo ikipanda, basi mtandao huo ulikuwa ukijipatia sifa ya watu ambao wangekuja wenyewe. Hii ndiyo kinga ya msingi dhidi ya kunyakua sifa, na haihitaji vifaa vya gharama.

Mfano wa hesabu

Chukulia kwamba kikundi cha vijana wa Mikindani kimetengeneza programu ya bei za samaki na korosho, na mtumiaji hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi ili kupata taarifa mapema. Kikundi kinajaribu mitandao miwili ya matangazo. Mfano huu ni wa kufikirika.

Mtandao wa kwanza unatoza shilingi 1,000 kwa usakinishaji na unaleta 1,000, jumla shilingi 1,000,000. Mtandao wa pili unatoza shilingi 1,500 na unaleta 400, jumla shilingi 600,000. Wiki ya kwanza inaonyesha kwamba watu 600 wa mtandao wa kwanza wamejiandikisha, yaani asilimia 60. Wa mtandao wa pili ni 180, yaani asilimia 45. Kwa takwimu hizi mtandao wa kwanza ni wa bei nafuu na wenye watumiaji bora zaidi.

Baada ya siku 30, wanaoendelea kufungua programu ni 4 kutoka mtandao wa kwanza na 60 kutoka wa pili. Malipo yaliyothibitishwa na kampuni za simu ni 2 kwa mtandao wa kwanza na 24 kwa wa pili. Hivyo mteja mmoja anayelipa amegharimu shilingi 500,000 kupitia mtandao wa kwanza, na shilingi 25,000 kupitia wa pili. Kikundi kilichotazama usajili peke yake kingehamishia fedha zote kwenye mtandao wa kwanza.

Takwimu hizi peke yake hazithibitishi ulaghai. Huenda mtandao wa kwanza ulionyesha tangazo kwa watu wasiohusika na samaki wala korosho. Kinachofuata ni kuangalia muda, vifaa na mpangilio wa usajili. Kama sehemu kubwa ya wale 600 walijaza fomu kwa sekunde zilezile, kwenye aina moja ya simu, hoja ya ulaghai inapata nguvu.

Mazingira ya Mtwara na maingilio ya Mto Ruvuma

Mifumo mingi ya kugundua ulaghai hutumia vichujio vilivyotengenezwa kwa kufuata tabia za watumiaji wa miji mikubwa yenye intaneti ya kudumu. Katika mkoa wa Mtwara vichujio hivyo vinaweza kukosea kwa sababu kadhaa.

Ya kwanza ni mpaka. Mto Ruvuma hutenganisha Tanzania na Msumbiji hadi unapoingia Bahari ya Hindi. Simu iliyo karibu na mto, kwa mfano upande wa Kilambo au Msimbati, inaweza kunasa mnara wa nchi jirani. Mitandao ya simu ya Tanzania hutambulishwa kwa namba 640 na ya Msumbiji kwa namba 643. Laini ya Tanzania inapotumia mnara wa Msumbiji, intaneti yake kwa kawaida hupitia kwanza kwa kampuni yake ya nyumbani. Matokeo yake ni kwamba mnara unasema Msumbiji na anwani ya IP inasema Tanzania. Kichujio kinachotaka viwili hivyo vilingane humhesabu mtu huyo kuwa anaficha mahali alipo. Wafanyabiashara na ndugu wanaovuka mto kwenda na kurudi Palma hukutana na hali hiyo hiyo.

Ya pili ni saa. Saa ya Msumbiji iko nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa moja, na simu nyingi hubadilisha saa zenyewe kufuata mnara. Mtu aliyebofya tangazo saa 4:10 asubuhi kwa saa ya Tanzania, kisha akafungua programu dakika tano baadaye simu yake ikiwa imenasa mnara wa Msumbiji, ataonekana amefungua saa 3:15. Kwa mfumo unaotegemea saa ya simu, programu imefunguliwa dakika 55 kabla ya mbofyo, jambo linalofanana kabisa na mbofyo wa uongo. Dawa ni kuhifadhi nyakati zote kwa saa moja ya kimataifa na kutumia saa ya seva, si ya simu.

Ya tatu ni anwani za pamoja. Kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya IP kwa wakati mmoja, kwa sababu anwani za aina ya zamani hazitoshi. Usakinishaji 50 kutoka anwani moja unaweza kuwa shamba la simu, na pia unaweza kuwa watu 50 wa Newala, Masasi na Mtwara Mjini. Aidha, nyaya za baharini kama SEACOM na EASSy huingia nchini kupitia Dar es Salaam, na mtumiaji wa Mtwara mara nyingi huonekana kwenye ramani za anwani kana kwamba yuko Dar es Salaam. Kwa hiyo jaribio la kuzima matangazo mkoani Mtwara na kuyaacha Lindi haliwezi kutegemea anwani ya IP. Ni salama zaidi kuzima na kuwasha kwa zamu za wiki, au kumwuliza mtumiaji wilaya yake anapojiandikisha.

Ya nne ni bando na namna ya kupeana programu. Mtu anaweza kubofya tangazo mchana na kupakua usiku anapopata bando la bei nafuu. Wengine hupokea programu kutoka kwenye simu ya mwenzao kwa Bluetooth au Xender bila kutumia intaneti, na usakinishaji wa namna hiyo hauna taarifa ya duka. Simu za mtumba nazo hufutwa na kuanza upya, hivyo kifaa kilichokwisha kuonekana hurudi kikiwa na mtu mpya. Kila moja ya tabia hizi hufanana na dalili ya ulaghai.

Ya tano ni msimu. Minada ya korosho hushika kasi kuanzia Oktoba, na tangu msimu wa 2024/2025 imekuwa ikiendeshwa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Malipo ya wakulima huingia kwenye akaunti zao katika miezi hiyo, na mahitaji ya programu za benki, za fedha na za manunuzi huweza kupanda ghafla. Mchambuzi anayelinganisha Novemba na Juni anaweza kuliita ongezeko hilo la kutiliwa shaka. Ulinganisho unaofaa ni ule wa wiki zilezile za msimu uliotangulia.

Kwa sababu hizo, dalili moja haitoshi kumkataa mtumiaji. Utaratibu unaopendekezwa ni kutoa alama kwa kila dalili, kumweka mtumiaji katika kundi la kusubiri, kisha kuamua kwa kuangalia tukio lililothibitishwa. Aliyelipa kwa laini yake na kurudi wiki ya pili huhesabiwa kuwa halali, hata kama mnara na anwani yake havikulingana siku ya kwanza. Ni muhimu pia kutenganisha hukumu dhidi ya chanzo na hukumu dhidi ya mtu: mtandao wa matangazo unaweza kunyimwa malipo bila mtumiaji kufungiwa huduma.

Sheria nchini Tanzania

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatambua kughushi na kudanganya kwa kutumia kompyuta kuwa makosa ya jinai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inasimamia ukusanyaji na utumiaji wa taarifa za watu na iliunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria hii inagusa kinga yenyewe. Mwenye programu anayekusanya mahali, namba ya simu na tabia za mtumiaji ili kugundua walaghai anapaswa kuwa na sababu halali, kumjulisha mtumiaji, na kutokusanya zaidi ya kinachohitajika.

Umuhimu wa mpaka huo ulionekana katika mikopo ya mtandaoni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha umma bila leseni na kuwatahadharisha wananchi kutozitumia. Miongoni mwa malalamiko dhidi ya mikopo ya aina hiyo ni matumizi ya orodha ya majina iliyomo kwenye simu kuwaaibisha wakopaji.

Usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao laini zisizokuwa nao zilianza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari 2020, umefanya iwe vigumu zaidi kupata laini nyingi kwa ajili ya kujiandikisha kwa wingi. Hata hivyo, laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyejua bado ni tatizo. Mwananchi anaweza kupiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA.

Nafasi ya mwenye simu

Mwenye simu anaweza kupunguza uwezekano wa kifaa chake kutumiwa na walaghai kwa hatua hizi:

- kupakua programu kutoka kwenye duka rasmi, na kuwa mwangalifu na faili linalopokelewa kutoka kwa mtu asiyefahamika;
- kutazama katika mipangilio ya simu ni programu ipi inatumia data nyingi wakati haijafunguliwa;
- kukataa ruhusa zisizohusiana na kazi ya programu, kama tochi inayoomba kusoma ujumbe mfupi;
- kufuta programu zisizotumika, hasa za kusafisha simu na za kibodi zisizojulikana;
- kuuliza kampuni ya simu iwapo salio linakatwa kwa huduma ambayo hakujiunga nayo;
- kutuma namba za matapeli kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Mipaka ya kinga

Hakuna kinga inayomaliza ulaghai huu kabisa. Kila kigezo cha malipo kinapojulikana, walaghai hutafuta namna ya kukiiga. Lengo la kinga ni kufanya gharama ya kuiga iwe kubwa kuliko malipo yanayopatikana. Usajili huigwa kwa gharama ndogo sana. Malipo ya shilingi 2,000 yaliyopita kwa mtoa huduma wa fedha yanagharimu shilingi 2,000, na yakirudiwa kila mwezi gharama huongezeka. Kwa hiyo zawadi inayolipwa kwa mtandao wa matangazo isizidi sana thamani ya tukio linalothibitishwa. Mwenye programu anayelipa shilingi 5,000 kwa kila ununuzi wa kwanza wa shilingi 2,000 humwachia mlaghai faida ya shilingi 3,000 kwa kila akaunti ya uongo, hata kama ununuzi wenyewe umefanyika kweli.

Kwa wenye programu wadogo wasioweza kulipia huduma za kampuni kubwa za upimaji, hatua nne zina nguvu zaidi ya nyingine: kuripoti malipo kutoka kwenye seva yao, kusubiri siku 30 kabla ya kulipa, kufuatilia kila chanzo kama kundi, na kuzima matangazo mara kwa mara ili kuona kinachobadilika.